Uzi: Shamba la beri la jichumie kwa kilimo hai. Tunda lililobaki kichakani ndilo linaloua shamba

Mistari_Kumi

Salaam wakuu.

Huu ni msimu wangu wa saba kuendesha shamba la beri la jichumie, yaani mteja anaingia shambani na kikapu, anachuma mwenyewe, anapima, analipa, anaondoka. Nina stroberi, rasiberi, bluberi na mistari michache ya blakiberi, na shamba zima ni kilimo hai. Wanaotaka kuanza hunifuata kwa maswali, na karibu wote huja na hesabu ileile: kazi kubwa ya beri ni kuchuma, basi mteja akichuma mwenyewe gharama imeondoka. Hesabu hiyo nami niliingia nayo. Nataka nieleze ilikonifikisha, ili anayeanza asipite huko.

Msimu wa tatu rasiberi zilizaa kuliko nilivyotarajia. Nilifungua mistari yote, wageni waingie watakako. Jumamosi na Jumapili walijaa. Jioni nikapita kukagua, nikafurahi kwa moyo wote: pamoja na umati ule, matunda bado yalikuwa tele. Sikujiuliza yamebaki wapi. Yalibaki ndani ya kichaka, chini ya magoti, na kule mwisho wa mistari ambako mtu mwenye mtoto mdogo hafiki. Kila mgeni alikuwa amechuma yale makubwa ya usawa wa macho, hatua thelathini za mwanzo, kisha akageuza.

Siku ya nne mama mmoja akanipigia simu. Alisema kwa upole tu kwamba mwanawe ameona kitu kinatembea kwenye bakuli.

Nilichuma viganja viwili vya rasiberi, nikavitia kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikakaa nayo mezani. Baada ya kama robo saa funza wa kwanza akatoka kupitia lile tundu la katikati ambalo rasiberi huwa nalo ikishachomolewa kwenye kiini chake. Mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea, hafiki hata nusu ya punje ya mchele. Akafuata wa pili. Kisha nikaacha kuhesabu. Kwa nje matunda yale hayakuwa na kasoro yoyote, mekundu, yanang'aa, ungeyauza bila kusita. Nilifunga lango siku hiyohiyo, nikawatafuta wote niliokuwa na namba zao, nikawarudishia pesa.

Mhusika ni Drosophila suzukii, inzi mdogo wa matunda ambaye dume lake lina doa jeusi kwenye kila bawa. Asili yake ni Asia ya Mashariki. Mwaka 2008 aligunduliwa California na pia kusini mwa Ulaya, na tangu hapo amesambaa karibu kila panapolimwa beri. Inzi wa matunda tuliowazoea hufuata tunda lililooza. Huyu jike lake lina kitu kama msumeno mdogo sehemu ya kutagia, analipasua ganda la tunda linaloanza kuiva na kuweka yai ndani. Hali ya hewa ikiwa ya joto, yai linafika kuwa inzi mzima chini ya wiki mbili, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 300 maishani mwake. Sasa rudi kwenye mistari yangu iliyochumwa nusu. Yale matunda tele niliyofurahia yalikuwa kitalu cha inzi.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu. Anayelima kwa kemikali akiacha tunda mtini amepoteza tunda moja. Anayelima kilimo hai akiliacha, amelea adui wa matunda ya wiki ijayo, na si inzi pekee, ukungu wa kijivu nao unaanzia kwenye tunda moja lililopitiliza kuiva na kuhamia kwa jirani yake. Kwa hiyo mgeni mwenye kikapu si mnunuzi tu, ndiye dawa yangu. Akichuma safi, shamba linapona. Akichagua-chagua, shamba linaugua. Kuongoza wageni na kupambana na wadudu ni kazi moja, na aliyezitenganisha hatafika mbali kwenye jichumie ya kilimo hai.

Ninavyofanya sasa: nafungua mistari michache kwa wakati. Kila mgeni anapewa kipande chake cha mstari, pande zote mbili, na kijibendera cha waya anachokichomeka pale alipoishia, anayefuata anaanzia hapo. Mgeni wa kwanza wa siku namfundisha kwa vitendo: shika tawi, liinue, angalia chini ya majani, tunda lililoiva linaachia lenyewe kwa kuguswa, linalong'ang'ania liache. Kisha jioni, au asubuhi kabla ya kufungua, vijana wawili ninaowalipa wanapita nyuma ya wageni na kuchuma kila kilichoiva kilichosazwa. Kizuri kinaenda kwenye friza au kwenye jamu. Kibovu kinaingia kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, unafungwa barabara na kuachwa juani siku kadhaa mpaka kilichomo ndani kife. Usikitupe kwenye lundo la mboji ambalo halijapata moto, utakuwa umemhamisha inzi tu. Hakuna tunda bivu linalokaa mtini zaidi ya siku mbili.

Kwa hiyo wachumaji bado ninao. Nimewahamishia nyuma ya wageni, na mshahara wao ninauweka kwenye fungu la kudhibiti wadudu.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Chipukizi_wa_Pili

Mkuu, nimesoma mara mbili. Hiyo bakuli ya chumvi imenikaa kichwani.

Mimi ndiyo nataka kuanza, nina eneo lililokuwa malisho, nyasi zimekamata vizuri. Nianze na beri ipi? Na je, nikilima tu nyasi zile na kupanda msimu huuhuu kuna ubaya?

Mistari_Kumi

Ndugu, upo ubaya, na mkubwa. Usipande mwaka huu.

Kwenye beri za kilimo hai gharama ya kwanza ni magugu, na magugu ya kudumu, yale yenye mizizi inayotambaa chini kama kamba, hayashindiki mmea ukishakuwa ardhini. Ukilima nyasi zile mara moja unakata mizizi vipande, na kila kipande kinachipua. Halafu udongo wa malisho una wale funza wakubwa weupe waliojikunja, watoto wa mende wa shambani, wanaokula mizizi. Stroberi changa haiwawezi. Niliwahi kung'oa mche uliokuwa umenyauka katikati ya tuta lenye maji ya kutosha, ukaja mkononi bila mzizi hata mmoja.

Mwaka mzima wa kwanza ulime, uache magugu yachipue, ulime tena, kisha upande mazao ya kufunika udongo yanayosongamana mpaka nyasi zikose mwanga. Inachosha kungoja, naelewa. Lakini bluberi ukiipanda inaweza kukaa palepale miaka thelathini na zaidi, mwaka mmoja wa kusafisha ni mdogo.

Pia chunguza kilicholimwa hapo zamani. Panapotoka nyanya, viazi, pilipili au biringanya usipeleke stroberi kwa miaka mitatu au zaidi, kuna ukungu wa mnyauko unaokaa kwenye udongo ukisubiri.

Beri ipi? Stroberi inakuonyesha matunda mapema kuliko zote, lakini ndiyo inayoteswa zaidi na magugu na ndiyo inayotaka kupandwa upya kila baada ya miaka michache. Rasiberi inakupa mavuno ya maana mwaka wa pili. Bluberi miaka miwili ya mwanzo unaikwanyua maua ili ikuze mizizi, inaanza kukulipa mwaka wa tatu au wa nne, na kufikia kilele ni mwaka wa sita hadi wa nane. Wengi wanaanza na stroberi ili wapate wageni, huku bluberi zikikua pembeni. Mimi ningekushauri hivyo pia, ila eneo dogo. Robo ekari inayochumwa safi ni bora kuliko ekari mbili zinazosazwa.

Kitu kimoja cha karibu kabisa kuhusu upandaji wa stroberi, maana hapa watu wanapoteza miche na kumlaumu aliyewauzia. Mche una moyo, pale kati ambapo majani mapya yanachomoza. Udongo uishie katikati ya moyo huo. Ukiufukia wote, unaoza. Ukiuacha juu na mabega ya mizizi yakaonekana, unakauka. Kuna tofauti ya upana wa kidole tu kati ya kuoza na kukauka. Mimi napanda, namwagilia, halafu nazunguka tena baada ya udongo kutulia, maana maji huushusha.

MzeeWaMboji

Kijana ameeleza vema. Niongeze upande wa udongo, maana naona bluberi imetajwa na wengi wanaingia kwenye bluberi kwa mkosi huohuo: wanaitayarishia udongo "mzuri".

Bluberi inataka udongo mchachu, pH (kipimo cha uchachu, kikishuka udongo ni mchachu zaidi) kati ya 4.5 na 5.5. Zamani watu waliishindwa kwa sababu waliipanda kwenye udongo uliowekwa chokaa na samadi kama bustani ya mboga. Aliyefumbua jambo hili ni Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Marekani, aliyechapisha majaribio yake mwaka 1910. Akasoma habari zake bibi mmoja wa New Jersey, Elizabeth White, ambaye familia yake ilikuwa na mashamba ya kranberi, akamwandikia washirikiane. Bibi huyo aliwatuma watu waliozijua mbuga za eneo lake wamletee vichaka vya porini vyenye matunda makubwa, na akavilipia. Mwaka 1916 wakauza mavuno ya kwanza ya bluberi zilizolimwa. Nawasimulia ili mjue kwamba mmea huu una miaka mia moja na kidogo tu tangu uingie shambani. Bado una tabia za porini, haupendi kubembelezwa kwa samadi.

Kupima pH ni kabla ya kununua hata mche mmoja. Ikiwa imezidi, kwenye kilimo hai tunatumia salfa ya asili. Lakini salfa haifanyi kazi yenyewe, bakteria wa udongoni ndio wanaoigeuza kuwa asidi, na hiyo ni kazi ya miezi, mara nyingi mwaka mzima. Weka, ngoja, pima tena. Ikiwa udongo wako una chokaa ya asili iliyojaa, acha bluberi. Kila mwaka utakuwa unasukuma mlima. Na pima maji pia. Nilimwona jirani akishusha pH ya udongo kwa salfa huku akiipandisha kila siku kwa maji ya kisima yenye chokaa.

Mizizi yake iko juu juu na haina vile vinywele vya kufyonza ilivyo navyo mimea mingine, inategemea kuvu maalumu wanaoishi nayo. Kwa hiyo jembe lisiisogelee. Matandazo ya vumbi la mbao au vipande vya miti, unene wa kiganja, yanatunza unyevu na kuzuia magugu kwa pamoja.

Kuhusu samadi mbichi kwenye beri nyingine. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 zipite kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna, ikiwa tunda linagusana na udongo kama stroberi, na siku 90 kama haligusani. Hata pasipo sheria hiyo mimi naifuata. Kwenye jichumie mtoto anachuma na kula hapohapo, hakuna sinki kati ya udongo na mdomo. Tumieni mboji iliyoiva.

Pampu_Mgongoni

Wakuu, bila ubishi wa bure: kwa nini ujitese hivyo? Dawa za kuua huyo inzi zipo. Pulizia mara moja kwa wiki, wageni waje, kila mtu anafurahi. Neno "hai" linakupa nini hasa?

Mistari_Kumi

Mkuu, swali ni la haki.

Kwanza, kilimo hai si kutopulizia kabisa. Kuna dawa zinazoruhusiwa, kama spinosadi inayotokana na bakteria wa udongo, na pareto. Nimewahi kuzitumia, na msimu wa inzi wengi nazitumia tena. Lakini idadi ya mipulizio kwa msimu ina ukomo uliochapishwa kwenye kibandiko, na ukirudia dawa ileile kila wiki inzi wanaizoea. Spinosadi ikiwa bado mbichi kwenye majani inaua nyuki, kwa hiyo ni jioni tu, nyuki wakisharudi mzingani.

Pili, na hapa ndipo jichumie inatofautiana na shamba la kawaida. Kila dawa, ya kemikali au ya asili, ina muda wa kutoingia shambani na muda wa kutochuma baada ya kupuliza. Shamba la kawaida linapanga wachumaji wake kuzunguka muda huo. Mimi nina familia zinazokuja na watoto wanaotambaa kwenye matandazo, wanashika majani kisha wanalamba vidole. Kila mpulizio ni siku za kufunga, na tunda halingoji ufungue, linaendelea kuiva na kumwita inzi. Ukipulizia kila wiki unakaribia kufunga kila wiki.

Na la tatu ni la moyoni. Mtoto wangu alijifunza kutembea kati ya mistari ile. Nataka mtu yeyote achume na kuweka mdomoni bila kuniuliza kwanza.

Njia nyingine ni neti yenye matundu yasiyofika milimita moja, izungushwe kabla tunda halijaanza kubadilika rangi. Inafanya kazi kweli. Kwa jichumie ina adha zake: unahitaji milango miwili yenye nafasi katikati, mgeni afunge wa kwanza kabla hajafungua wa pili, na kwa rasiberi inayotoa maua huku ikizaa lazima uingize nyuki bumbi, wale wanene wenye manyoya, ndani, la sivyo hakuna uchavushaji. Nina mistari miwili chini ya neti, basi. Kilichonisaidia zaidi ni kupogoa. Rasiberi zangu sasa ni kamba nyembamba, upana wa chini hauzidi sentimita arobaini, matawi yaliyokwisha kuzaa nayakata mpaka chini. Jua linaingia, unyevu unatoka, inzi hapendi, na mkono wa mgeni unafika katikati. Kichaka kinene huchumwa nusu hata mgeni awe makini vipi.

MamaVikapu

Habari za humu ndani. Mimi nina miaka kumi na moja na jichumie, stroberi na blakiberi. Nakubaliana na mengi ya kaka Mistari, ila lile la kumpangia kila mtu kipande na kumsimamia, hapana. Wageni wangu wanakuja kupumua. Ukiwapanga kama foleni wanachuma kwa kutimiza wajibu na hawarudi.

Mimi nafanya hivi: nafunga kwa kamba mistari ambayo sitaki iguswe, iliyo wazi iwe michache na yote imeiva vizuri. Ndani ya hiyo wazi watembee watakavyo. Kwa kuwa eneo ni dogo, wenyewe wanajikuta wameisafisha. Kisha kamba inahama.

Sasa kuhusu watu, maana hapo ndipo mimi ninapoishi.

Chombo ni muhimu kuliko bei. Ukimpa mtu ndoo ndefu, stroberi za chini zinakuwa uji kabla hajafika mizani, halafu atasema matunda yako ni mabovu. Chombo kiwe kifupi, matunda yasirundikane zaidi ya sentimita kumi hivi. Anayekuja na chombo chake nakipima kitupu mbele yake na kuandika uzito wake juu yake kwa kalamu nene. Mizani iwe imekaguliwa na yenye muhuri, na kioo chake kimtazame mteja.

Kunawa mikono. Weka maji yanayotiririka na sabuni kabla ya lango la shamba, si kando ya choo pekee. Kuna virusi vya kuharisha na vya homa ya ini ambavyo havitoki kwenye beri kwa kuisuuza, na beri huliwa mbichi. Mwenye kuharisha nampokea siku nyingine, nimeandika hivyo kwenye ubao na sioni haya. Mbwa wanabaki nje.

Watoto. Usiwafukuze. Mpe mtoto kikapu chake kidogo na kazi yake: "Wewe tafuta zilizojificha chini ya majani." Kaka, wale unaowalipa kupita nyuma, mtoto wa miaka sita anafanya nusu ya kazi yao, yuko karibu na ardhi na anaona tusiyoyaona.

Kula shambani. Watu wanaogopa hili kupita kiasi. Mtu mzima halili kilo, anashiba haraka. Nilichofanya ni kuweka kiingilio kidogo kinachohesabiwa kuwa ni kile atakachokula. Tangu hapo hakuna anayekula kwa kuibia wala anayejisikia mnyonge.

Mistari_Kumi

Dada MamaVikapu, kamba inayohama nimeipenda na nitaijaribu kwenye stroberi. Kwenye rasiberi bado nina shaka, urefu wa mstari wenyewe ndio unaowachosha. Labda nigawanye mistari kwa vijia vya kukatiza. Kikapu cha mtoto naanza nacho wiki hii.

NyukiMtulivu

Naomba kuingia kwa jambo moja. Watu wanalalamika kwamba stroberi zao zina umbo baya, zimejikunja upande mmoja, na wanadhani ni ugonjwa. Mara nyingi ni uchavushaji. Zile punje za juu ya ganda ndizo matunda halisi kwa lugha ya mimea, zinaweza kufika 200 kwenye stroberi moja, na kila punje iliyochavushwa inaiamuru nyama iliyo chini yake ivimbe. Isipochavushwa, hapo panabaki pamedumaa. Chukua stroberi iliyopinda, itazame kwa makini upande uliojikunja: punje zake ni ndogo na zimebanana.

Stroberi yenyewe tuliyo nayo imezaliwa kwa uchavushaji. Mwaka 1714 afisa Mfaransa, Amédée-François Frézier, alirudi kutoka Chile na miche ya stroberi yenye matunda makubwa ajabu. Ilipopandwa Ufaransa ikatoa maua, matunda hakuna, kwa sababu miche yote ilikuwa ya kike. Ikaja kuzaa ilipokaa jirani na stroberi ndogo kutoka Virginia iliyoipa chavua. Mchanganyiko wa hizo mbili ndiyo stroberi ya leo, na Antoine Nicolas Duchesne ndiye aliyeueleza mwaka 1766.

Kwa hiyo acheni ukanda wa maua ya porini kandokando, na msiuondoe msimu wa beri ukiisha. Nyuki wa porini wanakaa humo mwaka mzima. Mizinga ikiwepo, iweke mbali na njia za wageni, mlango wa mzinga usielekee mistari, na mgeni mwenye mzio wa nyuki aulizwe langoni.

Chipukizi_wa_Pili

Asanteni sana. Maswali mawili ya mwisho. Naweza kuandika "kilimo hai" kwenye ubao wangu mwaka wa kwanza? Na mvua ikinyesha siku ya kufungua, mnafanyaje?

MzeeWaMboji

La kwanza nijibu mimi. Usiandike mpaka ujue sheria ya nchi yako, sehemu nyingi neno hilo linalindwa na linahitaji hati. Kuna muda wa mpito: Marekani ni miezi 36 tangu mara ya mwisho kutumia kilichokatazwa mpaka mavuno, na Umoja wa Ulaya kwa mimea ya kudumu ni miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza. Anza kuandika daftari leo: umeweka nini, wapi, tarehe ngapi, umenunua wapi. Mkaguzi atakachoomba kwanza ni daftari. Hadi upate hati, waambie wageni kwa maneno ya kawaida kile unachofanya na usichofanya. Jichumie ina faida hiyo, mteja amesimama shambani kwako, anaona mwenyewe.

Mistari_Kumi

Mvua. Tunda lenye maji juu yake usilichume, litaota ukungu kabla halijafika mezani kwa mtu, na miguu ya wageni inashindilia udongo uliolowa. Ninafunga mpaka majani yakauke, natuma ujumbe mapema ili mtu asisafiri bure. Matandazo ya majani makavu chini ya stroberi yanasaidia sana hapa, tunda halirushiwi tope.

Lakini mvua ndiyo siku ya hatari kuliko zote kwa yale niliyosema mwanzo. Wageni hawapo, matunda yanaiva, yanapasuka, na joto likirudi kesho inzi wameshafika. Usipumzike. Pale tu yanapokauka waingie wale wawili, kwanza wakichuma yaliyopasuka na kuyafunga mfukoni, ndipo mazima. Ikibidi chukua hasara ya siku nzima, mistari yote ivuliwe kila kilichoiva mpaka ibaki ya kijani na ya waridi tu. Shamba litaonekana tupu. Baada ya siku mbili tatu matunda yaliyokuwa ya waridi yamekolea, hayo ndiyo unayofungulia lango, na usisahau kutia kiganja kimoja kwenye bakuli la chumvi kabla mgeni wa kwanza hajaingia.

Mimi hufanya hivyo kila Ijumaa asubuhi. Kesho ni Ijumaa, nitaweka picha ya bakuli hapa.